Fremu Nilizozitupa

Majirani zangu wa Kilakala wanaamini mimi ni fundi wa televisheni. Wananiletea ving'amuzi vilivyopigwa na radi, rimoti zilizomwagikiwa chai, na mara moja mama wa nyumba ya tatu aliniletea feni. Nimeacha kubisha. Nikianza kueleza kwamba kazi yangu ni kuandika draiva, yaani kile kipande cha programu kinachokaa kati ya kifaa na kompyuta na kuvifanya vielewane, naona macho yao yanahama taratibu kurudi kwenye rimoti. Nikiongeza kwamba ninauandikia mfumo huria, ambao mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua na kuurekebisha, wanaguna tu kwa adabu. Basi natengeneza rimoti.

Eneo langu ndani ya kazi hiyo ni dogo na la kizamani. Ni vifaa vya kupokea picha: kadi za TV, vile vidude vya kuchomeka antena kwenye kompyuta, vifaa vya kunasa picha kutoka kwenye deki na kamera za zamani. Wenzangu wengi wamehamia kwenye vitu vipya. Mimi nimebaki na analojia, ambayo hapa nchini ilizimwa siku nyingi, na nimebaki kwa sababu ambazo nilidhani nazijua.

Nilikulia chini ya mlima. Aliyezaliwa Morogoro hautazami mlima, upo tu, ila TV yetu ya chogo ilikuwa inauona kila siku. Mawimbi yalifika sebuleni kwetu mara mbili: mara ya kwanza moja kwa moja, mara ya pili yakiwa yameugonga Uluguru na kurudi, yamechelewa kidogo. Kwa hiyo kila mtu kwenye TV yetu alikuwa wawili. Alikuwepo msoma habari, na nyuma ya bega lake msoma habari mwingine aliyepauka, akifumbua mdomo kwa maneno yale yale. Watoto wengine walizoea. Mimi nilikuwa namtazama yule wa nyuma tu. Niliamini kwamba siku moja atakosea, atageuza kichwa upande ambao wa mbele hakugeuza, nami nitakuwa wa kwanza kumfuma. Mama alikuwa akinikuta nimeganda karibu mno na kioo, ananivuta sikio, kisha anaifunika TV kwa kitambaa chake cha kufuma.

Nilikuwa na sababu ya kumngoja mtu wa pili. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka minne, homa ya siku tano tu. Alikuwa seremala kwenye karakana kule Mazimbu, na alichotuachia cha kumtazama ni picha moja, ile ya kitambulisho cha kazini, ndogo kuliko kiberiti, uso mwembamba unaoshangaa. Sikuwahi kuihusisha picha ile na baba. Baba niliyemjua mimi alikuwa kumbukumbu moja, na niliitunza kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki. Ilikuwa hivi. Nipo kwenye uwanja wa udongo, chini, karibu na ardhi, kama watoto wanavyokuwa. Anakuja mtu aliyevaa koti la kazi la kijivu, mikono nyuma, anaegemea kushoto kila hatua kwa sababu ya mguu uliowahi kuangukiwa na gogo. Anasimama mbele yangu. Anainama. Anasema, "Umekula, mzee?"

Hakuna zaidi. Uso sikuwa nao, nilikuwa na pindo la koti, mikono, na sauti. Lakini nilimsimulia kila aliyekubali kunisikiliza: wageni, walimu, msichana mmoja niliyetaka kumwoa ambaye hatimaye aliniambia kwamba namjua marehemu vizuri kuliko ninavyomjua yeye. Hakukosea. Nilipopata kazi ya kwanza nilinunua koti la kijivu, na hadi leo, nikichoka, naweka mikono nyuma.

Na nilijua kwamba upo mkanda. Mama aliuhifadhi ndani ya sanduku lake la bati, umefungwa kwenye kanga, na aliuita jina moja tu, mkanda wa baba yako. Deki yetu ilikufa nikiwa darasa la pili, na sikumbuki kama tuliwahi kuuangalia. Kila nilipouomba alisema subiri. Nikiwa mkubwa, nikiwa tayari naheshimika huko mtandaoni kama mtu wa kunasa picha za mikanda ya zamani, nikawa nawaokolea watu wa nchi za mbali harusi zao na ubatizo wao, mama alikuwa bado ananiambia subiri. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwenye mkanda huo. Nilitaka kumwona baba akitembea.

Masika ya mwaka juzi bati letu lilivuja juu ya sanduku. Asubuhi moja mama aliingia chumbani kwangu, akaweka mkanda mezani, juu ya makaratasi yangu.

"Umeota ukungu," alisema. "Fanya unachofanya."

"Humu kuna nini, mama?"

"Utaona."

Akatoka kwenda kuanika nguo. Mama yangu si mtu wa maneno mengi, na siku hiyo nilimshukuru kwa hilo.

Niliuanika mkanda siku mbili kivulini, nikauzungusha kwa mkono, nikaufuta kwa kitambaa laini, barakoa usoni kwa sababu ya vumbi jeupe la ukungu. Fundi mmoja wa Msamvu aliniazima deki aliyoapa kwamba ni nzima, na kwa mshangao wangu kweli ilikuwa nzima. Nikaunganisha kila kitu, nikabonyeza.

Kwanza zilikuja chenga. Halafu uwanja wa udongo, na nyuma yake miteremko ya migomba ikipotea kwenye ukungu, nikajua ni kwao baba, huko juu Mgeta. Nyumba, mlango, kiti cha mbao kitupu pembeni ya mlango. Kisha picha ikaganda pale pale kwenye kiti. Sauti haikuganda, kwa sababu kwenye kompyuta sauti hupita njia yake. Nilisikia watu wengi wakicheka. Nikasikia hatua, moja nzito, moja nyepesi. Kicheko kikakatika ghafla, kikawa kimya cha ajabu, na ndani ya kimya hicho sauti ya mwanamume ikasema, "Umekula, mzee?"

Nililia. Sioni haya kulisema. Ilikuwa ni yeye, neno kwa neno, sauti ile ile niliyotembea nayo maisha yangu yote. Nami nilikuwa nakitazama kiti kitupu.

Nilisimamisha deki. Vichwa vyake vilikuwa vimejaa unga wa kahawia, na unga ule ndio picha yenyewe, imebanduka kwenye utepe. Kila ukiucheza mkanda wa namna hiyo unaukwangua. Niliukagua sehemu ile kwa taa, nikakadiria kwamba umebakiwa na safari moja, labda moja na nusu. Ndipo nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwanzo, kwa nini picha iliganda kwenye kiti. Jibu nililijua kabla swali halijaisha. Niliigandisha mimi.

Picha ya analojia huja mstari kwa mstari, na kila mstari una alama ya kuanzia. Mkanda ukichakaa alama hupotea, mistari haijui pa kuanzia, picha inalala upande na kuchanika. Watu wanaotumia programu zetu walikuwa wakilalamika kuhusu takataka hizo. Miaka kadhaa nyuma nikaandika kanuni nikaiingiza kwenye mfumo mzima wa draiva za video, si kwenye kifaa kimoja. Kanuni ilikuwa fupi: fremu, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana kuunda video, ikija bila alama, itupe, rudia fremu nzuri ya mwisho. Picha ikawa safi duniani kote. Nilipongezwa. Mkaguzi mmoja tu, kati ya wanaopitia kazi zetu kabla hazijapokelewa, alikuwa amenipinga, mtu mzima anayeishi nchi ya baridi ambaye sijawahi kumwona. Aliniandikia, "Nani amekuambia kwamba fremu isiyo na alama haina mtu ndani yake?" Nilimjibu kwa kiburi, na majibu yale bado yapo kwenye kumbukumbu za mradi, yeyote anaweza kuyasoma. Nilimwambia kwamba mwenye akili timamu hahitaji kutunziwa takataka. Hakujibu tena, akaipitisha.

Sasa nilikaa nikifikiria harusi na ubatizo nilizowaokolea watu. Ni mara ngapi walinishukuru kwa picha isiyotikisika, na ni nani aliyekuwa akipita wakati picha imetulia hivyo? Niliogopa. Usiku huo na usiku mwingine kadhaa nilimwona mtu yule aliyepauka wa kwenye TV ya chogo, na mara hii aligeuza kichwa.

Kuing'oa kanuni kwenye mashine yangu lilikuwa jambo la nusu saa. Kazi ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna tone lingine linalomwagika popote, maana kwenye mfumo wetu fremu hupita mikono mingi: kifaa, draiva, foleni ya kumbukumbu, programu ya kurekodi, na kila mmoja wao nilikuwa nimemfundisha mimi au mwenzangu kuwa na adabu na kutupa uchafu. Sikuthubutu kujaribia mkanda wa baba. Nilikwenda hadi Dumila kwa mama mmoja aliyewahi kuwa na kibanda cha kuazimisha video pale njia panda, ambaye bado ana magunia ya mikanda stoo. Alinipa harusi za watu nisiowajua. Nilirudi nyumbani nikazikanyaga, nikazikunja, nikazilaza kwenye unyevu, Mungu anisamehe na maharusi wale popote walipo. Kwa wiki tatu nilimtazama shemeji wa mtu akicheza na keki, amechanika vipande arobaini, hadi siku niliyohesabu fremu zilizotoka kwenye deki na fremu zilizofika kwenye diski na hesabu ikalingana.

Siku ya kuucheza ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilichomeka kila kitu kwenye betri kwa sababu umeme wetu siuamini. Mama alikuwa barazani na ungo wa mchele, mgongo kwenye dirisha langu. Nilimwita aje. Akasema yuko hapo hapo, anasikia.

Nilibonyeza. Kwenye skrini kulikuwa na fujo tupu, michirizi ya kijivu na nyeupe, na sauti zile zile: kicheko, hatua, kimya, swali. Deki ikakwaruza, ikameza utepe, ikasimama. Nilipoufungua mkanda ulikuwa umekatika. Lakini fremu zote zilikuwa zimefika.

Siku mbili zilizofuata niliandika programu ya kupanga mistari, ikilinganisha kila mstari na wa juu yake, ikiusukuma kushoto na kulia hadi ikubaliane. Niliiacha ifanye kazi nikaenda kuoga. Niliporudi picha ilikuwa imekamilika, inatetemeka lakini imekamilika. Nikaketi.

Koti la kijivu liliingia kutoka kushoto. Mikono nyuma. Aliegemea kushoto kila hatua, na vumbi dogo likaruka alipokuwa akiukokota mguu. Alitembea kama nilivyomkumbuka, hajapungukiwa na kitu, nami nikasikia furaha ambayo sijawahi kuisikia tena. Watu waliokaa kwenye mikeka wakamgeukia wakicheka. Mtoto aliyevaa sweta kubwa akachomoka kwenye mapaja ya mwanamke, akakimbia, akamkumbatia mguu. Nilikuwa mimi. Mtu yule akasimama. Akainama.

Alipoinama uso wake ulielekea kamera, nikauona. Ulikuwa uso mpana, wenye mwanya mkubwa wa meno, uso nisioujua. Haukuwa ule wa kitambulisho. Na nyuma yake, pale alipokuwa amepita, kulikuwa na kifusi cha udongo mbichi na msalaba mpya wa mbao, kazi safi, ya maseremala. Kwenye msalaba kulikuwa na jina la baba.

Kwa muda niliamini kitu ambacho mtu wa kazi yangu hatakiwi kuamini, kwamba alikuwa ametoka, amevaa uso mwingine, amekuja kuniuliza kama nimekula. Nilimwita mama kwa sauti iliyomfanya aje na ungo mkononi.

Alisimama mlangoni. Hakukaribia.

"Huyo si baba yako," alisema. "Huyo mtani."

Nimezaliwa na kukulia mjini, lakini nimehudhuria misiba, nawajua watani. Nimewaona wakilala kaburini wakikataa kutoka, wakiuficha mwiko wa jikoni, wakimtukana marehemu mbele ya wanawe na hakuna wa kukasirika. Nimewaona pia wakivaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, kuongea kama yeye, hadi waliofiwa wacheke wapende wasipende. Nilichokuwa sijafikiria hata siku moja ni kwamba kulikuwa na mtani kwenye msiba wa baba yangu.

"Ilikuwa siku ya pili baada ya kuzika," mama alisema. "Wenzake wa kazini ndio walileta huyo mpiga video. Wewe ulikuwa umekataa kula tangu tunatoka mjini. Siku tatu. Uji, hutaki. Maziwa, unatema. Nikajua nitazika wawili. Mara mtani akatokea na koti la baba yako, ukamkimbilia. Watu wote wakanyamaza. Akakuuliza, akakushika mkono, akakupeleka jikoni, ukala. Ulikula sahani nzima. Sasa mimi ningekwambia nini? Nikwambie sio yeye, uache tena?"

"Baadaye nilikuwa mkubwa, mama."

"Baadaye ulikuwa unamsimulia. Kila mgeni akiingia, baba yangu, koti, mzee umekula. Ningekukata vipi?"

"Na mbona sasa umenipa?"

Aliutikisa ungo kidogo, ingawa mchele ulikuwa umekwisha kuchambuliwa.

"Ukungu ungeumaliza," alisema. "Na mimi nakwenda. Nani angekwambia?"

Nilikasirika, na hasira zangu si za siku moja. Nilikaa wiki nzima nikimjibu kwa ndiyo na hapana. Chakula nilikigusa nikakirudisha. Nilichokuwa nacho cha baba maisha yangu yote kumbe kilikuwa mtu mwingine anayechekesha watu. Hata mikono yangu, nikiikuta nyuma, niliishusha kwa nguvu. Katika wiki hiyo nilifanya jambo moja la maana. Nilituma kwenye mradi marekebisho ya kuiondoa kanuni yangu. Mtu hutakiwa kueleza sababu, nami niliandika sababu ndefu nikaifuta, nikaandika nyingine nikaifuta. Mwisho niliandika: "Tusitupe fremu. Anayetazama ndiye aamue." Yule mkaguzi wa nchi ya baridi aliipitisha siku ile ile. Aliongeza neno moja, asante, na hakunikumbusha lolote.

Ijumaa mama aliweka sahani mbele yangu akasema, "Yupo hai."

"Nani?"

"Mtani. Yupo kule kule. Kama unataka kumkasirikia, mkasirikie angali anasikia."

Tulipanda Mgeta asubuhi ya Jumamosi kwenye pikapu iliyokuwa inakwenda kuchukua kabichi, mama mbele, mimi nyuma na kompyuta ndani ya begi. Baada ya kona nyingi ukungu ulitufunika, na nilipouona uwanja ule wa udongo nilitambua kwanza mteremko wa migomba, kabla ya nyumba. Kiti hakikuwepo. Msalaba ulikuwa umepinda, mtu alikuwa ameuegemeza kwa jiwe.

Mzee mtani alikuwa nyumba ya pili, amekaa kwenye kigoda ingawa jua halikuwepo. Mwanya ule ule, ila sasa ulikuwa na majirani wachache.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee."

"Sasa mmefuata nini? Mimi nimemwona huyu bibi anashuka kwenye gari nikajua mnaniletea msiba."

"Tangulia wewe," mama akamjibu. "Shimo lako lilishaota majani kwa kukungoja."

Walicheka wote wawili hadi wakafuta macho, na mimi nikasimama pale na hasira yangu bila mahali pa kuiweka. Mama akamwambia mimi ni nani. Mzee alinitazama muda mrefu, miguu kwanza.

Nilimwonyesha kwenye kompyuta. Aliangalia mkono ukiwa mdomoni, na ilipoisha alitaka tena, nikairudia.

"Huyu kijana anatembea vizuri," alisema, kama anamsifia mtu wa mbali.

"Ulimjua baba?"

"Nimjue? Toka hana meno. Huo mwendo niliuchukua yeye angali mzima. Nilikuwa namwigiza mbele yake, ananirushia randa. Huo ni wake, kabisa. Uliza mama yako."

Mama hakuulizwa. Alisema, "Ndiyo maana sikuweza kumtazama," nami nikakumbuka kwamba kwenye video mwanamke niliyetoka mapajani mwake alikuwa amejifunika uso.

"Na yale maneno?" nikauliza.

"Maneno yapi?"

"Umekula, mzee."

Alichukua fimbo yake akachimba nayo chini.

"Hayo si yake. Baba yako hakuwa anaongea na watoto, alikuwa anawapa vipande vya mbao wachezee, basi. Mimi nilikuwa nimepanga kumtania juu ya ubahili wa misumari, watu wangevunjika mbavu. Sasa wewe ukaja mbio, ukanishika mguu, ukaniita baba. Mtani haishiwi maneno. Siku hiyo niliishiwa. Nikakuangalia umekonda, nikasema lililokuja."

Kwa hiyo mwendo ulikuwa wa baba na sauti ilikuwa ya mtu aliyeishiwa maneno. Nilitafuta hasira niliyopanda nayo mlima sikuiona. Kulikuwa na hofu tu, ile ya mtoto aliye karibu mno na kioo, na nikajisikia nikimwomba kitu ambacho sikuwa nimekipanga. Nilimwomba atembee.

"Lete koti," alisema.

Nilivua. Lilikuwa la kijivu, nimeshaeleza kwamba huvaa la kijivu. Alilichukua kwa haki yake ya utani, na hadi leo hajalirudisha. Akamkabidhi mama fimbo, mama akaipokea kisha akageukia ukuta wa nyumba, kanga juu ya kichwa. Mzee akaenda hadi upande wa kushoto wa uwanja, mahali ambapo ukungu ulimfifisha, akakaa huko kidogo kama mtu anayekumbuka. Halafu akaja. Mikono nyuma. Hatua nzito, hatua nyepesi, akiukokota mguu ambao haukuwa na tatizo lolote. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini na alitembea kama mwanamume wa thelathini na mbili aliyewahi kuangukiwa na gogo.

Alisimama mbele yangu. Akainama hadi mgongo ulipomruhusu.

"Umekula, mzee?"

Nikamwambia bado. Mama, uso wake ukiwa umeelekea ukutani, akasema ni kweli, hajala, wiki nzima hii hajala.